Kufuli la Chumba cha Chanjo

Nyoka akiingia ndani, hapaulizwi fimbo iliyoachwa shambani. Hata iwe ya mpingo, iliyonyooka na kuchongwa na fundi wa kutajika, maadamu haiko mkononi, nyoka atapita uvunguni na atamuuma amtakaye. Hiyo ndiyo maana ya wahenga waliposema fimbo ya mbali haiui nyoka. Wengi huitaja methali hii wanapomlalamikia jamaa aliyeko mbali asiyeweza kuwafaa siku ya shida. Kisa hiki kinaitazama kwa upande wa pili. Kinamhusu mtu aliyekuwa karibu kabisa na nyoka, akaingojea fimbo ya mbali kwa miaka kumi na miwili, mpaka Alhamisi moja asubuhi alipotazama mkononi mwake mwenyewe.

Mtu huyo alikuwa muuguzi katika zahanati ya serikali yenye vyumba sita, baraza moja refu la mabenchi ya mbao, na pipa la maji ambalo bomba lake lilivuja tangu siku lilipofungwa. Wenzake walimwita Dada Ndiyo. Jina hilo hakulipenda wala hakulikataa, maana kukataa nako kungehitaji neno ambalo hakuwa amelizoea. Akitumwa, "Ndiyo, Matroni." Akikemewa, "Ndiyo, Matroni." Mikono yake ilikuwa myepesi, mtoto alichomwa sindano akashtuka baadaye, lakini ulimi wake alikuwa ameufyata kama mtu anayelinda jino bovu.

Hakuzaliwa hivyo. Mwaka wake wa pili kazini aliona kipimajoto cha jokofu la chanjo kimepanda, akaenda mbio kumweleza mkuu wake mbele ya wagonjwa. Mkuu akamtazama kuanzia viatu hadi kofia, akamuuliza, "Nani amekuuliza?" Jokofu lilitengenezwa jioni ile ile, kwa hiyo alikuwa amesema kweli. Ila aliyoyakumbuka ni yale maneno mawili na kicheko cha watu benchini. Tangu siku hiyo aliona mengi na kusema machache.

Mkuu mwenyewe ndiye huyo Matroni, ambaye watumishi walimwita Mama Funguo pindi alipokuwa hayupo. Funguo kumi na tisa zilining'inia kiunoni mwake kwa utepe wa bandeji, na alipotembea ulimsikia kabla hujamwona. Ufunguo wa stoo, wa kabati la dawa, wa chumba cha chanjo, hata wa choo cha wageni, zote zilikuwa pale. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: alikuwa mchapakazi. Alifika wa kwanza na kuondoka wa mwisho, na chini yake hakikuwahi kupotea hata kidonge kimoja. Tatizo ni kwamba bila yeye hakikuwahi kusogea hata kidonge kimoja. Kila jambo liliandikwa katika Daftari la Ruhusa, lenye safu nne: tarehe, jambo, aliyeomba, na ruhusa ya Matroni. Balbu ya chumba cha kujifungulia iliwahi kuungua yeye akiwa mkutanoni, na mkunga akamzalisha mama kwa tochi huku balbu mpya ikiwa stoo, hatua kumi tu kutoka kitandani.

Mwaka wa kisa hiki wakubwa wa idara ya afya walianzisha mafunzo ya uongozi kwa wakuu wa zahanati, kila Alhamisi kwa wiki sita, katika ukumbi ulioko mjini, safari ya saa moja na nusu. Matroni alirudi wiki ya kwanza na bango lenye maandishi makubwa: KILA MTUMISHI NI KIONGOZI. Alilibandika ukutani, kisha akamkaripia mfagiaji kwa kusogeza benchi bila kuuliza. Wiki ya pili alirudi na swali. Mkufunzi alikuwa amewafundisha kwamba kiongozi bora hatoi amri tu, humuuliza aliye chini yake, "Unaonaje?" Matroni akalishika swali hilo kwa mikono miwili.

"Zamu ya Jumamosi unaonaje?" alimuuliza karani. Karani hajameza mate, yeye akaendelea, "Mimi naona ubaki wewe. Sawa, tumekubaliana."

Ikawa ndiyo mchezo wa zahanati. Mtu akimwomba mwenzake kikombe cha chai, humuuliza "Unaonaje?" na kukichukua kabla hajajibiwa. Walicheka sana, lakini jambo hili lilimkera Dada Ndiyo kuliko lilivyomchekesha. Swali lisilongoja jibu aliliona ni mlango uliochorwa ukutani.

Alhamisi ya tano iliangukia siku ya kliniki ya chanjo ya mkoba, pale timu inapoipelekea mitaa ya mbali chanjo badala ya kungoja watoto waletwe. Saa kumi na mbili asubuhi Matroni alikuwa ndani ya chumba cha chanjo, mkoba wa safari begani, gari la kwenda mjini likipiga honi barabarani. Kupakia sanduku la chanjo ilikuwa kazi ambayo hakumwachia mtu. Alizitoa kwenye friza zile chupa bapa za plastiki zenye maji yaliyogandishwa, zikiwa bado nyeupe kama zimepakwa unga, akazipanga pembeni mwa sanduku na kuweka chanjo katikati.

Dada Ndiyo alisimama mlangoni akitazama. Kila anayefanya kazi ya chanjo anajua kwamba chupa za barafu hazitoki kwenye friza zikaingia sandukuni. Hupangwa mezani kwanza, zikatoa jasho, mpaka ukizitikisa sikioni usikie maji yanacheza ndani. Chanjo nyingine za sindano huogopa kuganda kuliko zinavyoogopa jua, na zikishaganda zimekufa, hata kama zitayeyuka na kuonekana nzima. Matroni alilijua hilo vizuri kuliko wote. Lakini haraka haina baraka, na gari lilikuwa linapiga honi mara ya tatu.

"Haya, unaonaje?" Matroni aliuliza huku akibana kifuniko.

Dada Ndiyo akafungua mdomo.

"Tuko sawa," Matroni akajijibu. Akalitoa sanduku nje, akafunga chumba kwa kufuli, akaurudisha ufunguo kiunoni, akaondoka.

"Ndiyo, Matroni," Dada Ndiyo akauambia mgongo wake.

Njiani, gari la zahanati likirukaruka mashimoni, alilipakata sanduku na kulitegea sikio. Hakusikia maji.

Kituo cha siku hiyo kilikuwa ukumbi wa shule, mwendo wa dakika ishirini. Akina mama walikuwa wameshajaa na watoto themanini na wanne kwa hesabu ya karani, wengine wametoka nyumbani kabla jua halijachomoza. Mhudumu wa afya wa mtaa, mwanamke mnene mcheshi aliyewajua watoto wote kwa majina ya nyumbani, alikuwa ametundika mizani na kuanza kupima uzito. Dada Ndiyo akanawa mikono, akafungua sanduku na kuchukua kichupa cha kwanza cha chanjo ya dondakoo, kifaduro na pepopunda. Akakitikisa. Hakikutikisika. Dawa ilikuwa imeganda kama kipande cha mshumaa. Cha pili kilikuwa na vipande vya barafu vinavyoelea. Cha tatu kadhalika.

Akamwita karani pembeni, akamwonyesha.

"Mpigie Matroni," karani akasema papo hapo.

Walipiga mara nne. Sauti ikawaambia simu hiyo haipatikani. Ndipo karani akakumbuka: kule mafunzoni simu zote huwekwa kapuni mlangoni saa mbili asubuhi, hurudishwa saa tisa alasiri.

"Basi tungoje," akasema.

"Mpaka saa tisa? Na hawa?"

"Dada yangu, usinitazame hivyo. Mimi nina watoto watatu na barua moja ya onyo. Ikija ya pili, nimemwaga unga. Si ziache tu ziyeyuke? Zikiyeyuka zitakuwa kama zilivyokuwa."

"Zitaonekana kama zilivyokuwa," Dada Ndiyo akasema. "Hapo ndipo pabaya."

Maana ndiyo hasa iliyomtisha. Baada ya robo saa dawa ingekuwa majimaji, angeivuta kwenye sindano, na hakuna mtu chini ya jua ambaye angejua. Kadi ingepata alama, mwili usipate kinga, na mama angerudi nyumbani akalala usingizi wa pono. Miezi kadhaa baadaye mtoto angeanza kukohoa kifaduro mpaka midomo igeuke rangi, na mama yake angeapa kwamba alichanjwa. Nyoka alikuwa sandukuni mle, na fimbo ilikuwa kapuni, mjini, imezimwa.

Alimtazama mtoto aliyekuwa mizanini, akitabasamu bila jino hata moja. Akapiga moyo konde, akaenda mbele ya ukumbi. Sauti yake ya kwanza hata yeye hakuisikia. Ya pili ilifika mpaka dirishani.

"Mama zangu, dada zangu, naomba mnisikilize. Chanjo za sindano tulizokuja nazo zimeganda, na zikiganda zimeharibika. Sitamchoma mtoto wa mtu dawa ninayojua haifai. Nakwenda zahanati kuleta nyingine. Matone ya polio hayakudhurika, mhudumu ataendelea kuyatoa, na kupima uzito kunaendelea."

Minong'ono ikapanda. Mwanamke mmoja aliyebeba pacha, mmoja mgongoni na mwingine kifuani, akasimama. "Mimi nimetembea tangu alfajiri na mizigo miwili. Nani kaziharibu?"

Jibu rahisi lilikuwa tayari ulimini, nalo lilikuwa la kweli: Matroni. Dada Ndiyo alilimeza. "Niliona asubuhi zinapakiwa vibaya, nikanyamaza," akasema. "Hilo ni langu. Leo silirudii."

Ukumbi ukatulia kidogo. Bibi mmoja aliyekuja na mjukuu, aliyekaa karibu na mlango, akacheka kwa pua. "Mpishi akikwambia mboga imeungua kabla hujaonja, huyo ndiye wa kumpa sufuria. Nenda, mwanangu. Ila usikae."

Alimkabidhi mhudumu matone, akamwachia karani kadi, akapanda gari na lile sanduku. Walipofika zahanati, mlinzi alikuwa amekaa mbele ya chumba cha chanjo kama kawaida yake. Walimwita Afande kwa sababu ya viatu vyake, alivyovisugua kila asubuhi kana kwamba anasubiri kukaguliwa.

"Afande, nataka chumba hiki kifunguliwe."

"Ufunguo anao Matroni."

"Najua. Nataka kufuli livunjwe."

Mlinzi akasimama polepole. "Kufuli la serikali hilo. Kwa ruhusa ya nani?"

"Yangu."

"Yako wewe?"

"Yangu mimi."

Afande alimtazama kwa muda, kama mtu anayesoma cheti cha mgeni. Kisha akaingia ofisini, akatoka na Daftari la Ruhusa. "Andika. Mimi ni mtu wa maandishi."

Akaandika tarehe. Kwenye jambo akaandika: Kuvunja kufuli la chumba cha chanjo, chanjo za mkoba zimeganda, watoto themanini na wanne wanangoja. Akaandika jina lake. Afande akafuata mstari kwa kidole mpaka safu ya nne.

"Hapa pako wazi."

"Patakaa wazi mpaka saa tisa. Watoto hawawezi kukaa mpaka saa tisa."

Afande akafunga daftari, akalipiga vumbi ambalo halikuwapo, na kwenda kuchukua nondo. Kufuli lilikuwa la zamani, la shaba, na liliona haya kuvunjika. Pigo la kwanza lilimrudia mkononi. La pili likang'oa rangi ya mlango. La tatu likafanya kazi.

Ndani, Dada Ndiyo alisoma kipimajoto cha jokofu, akaridhika, kisha akazitoa chupa za barafu kwenye friza na kuzipanga mezani moja moja. Dereva alipoona anavuta kiti na kukaa, karibu apasuke.

"Dada, watu wanangoja kule!"

"Wanangoja kitu kizima. Zima gari."

Ilikuwa nusu saa ndefu kuliko zote alizowahi kukaa. Chupa zikaanza kutoa jasho. Alizichukua na kuzitikisa sikioni, na dereva, aliyechoka kuzunguka chumbani, akaanza kumsaidia. "Hii bado," akasema. "Hii inaongea. Hii inaongea pia." Zilipoongea zote, alipakia sanduku jingine. Lile la asubuhi aliliacha juu ya meza, na ndani yake karatasi: Zimeganda. Zisitumike.

Saa tano na nusu walikuwa ukumbini tena. Bibi wa mlangoni alikuwa amewapanga akina mama upya, wenye watoto wachanga mbele, na pacha wa yule mwanamke walikuwa wamelazwa juu ya kanga yake. Karani alikuja mbio na karatasi.

"Kumi na mmoja wameondoka," akasema. "Nimeandika jina la kila mtoto, mtaa, na alama ya nyumba. Huyu ni mlango wa kijani, huyu yuko nyuma ya fundi baiskeli."

"Nani alikwambia uandike?"

Karani akafikiri. "Hakuna," akajibu, na alionekana kushangaa kuliko aliyeuliza.

Watoto sabini na watatu walichanjwa siku hiyo. Kilio kilikuwa kikubwa, na Dada Ndiyo hakukumbuka kusikia kilio kilichompendeza hivyo.

Saa kumi na robo funguo zilisikika barazani. Watumishi waliokuwa wakikunja mapazia waliacha kuyakunja. Matroni alipita, akasimama mbele ya mlango uliochubuka, akatazama kufuli lililolala mezani taya wazi.

"Nani?"

"Mimi, Matroni," Dada Ndiyo akasema.

"Nondo ilikuwa yangu," Afande akaongeza kutoka mlangoni.

Matroni akachukua daftari na kusoma. Akaenda kwenye sanduku la asubuhi, akasoma ile karatasi, akainua kichupa kimoja na kukizungusha mwangani. Kilikuwa kimeyeyuka, kizuri, hakina dosari yoyote ya kuonekana. Halafu akazishika zile chupa za barafu, na wote waliona uso wake ulivyobadilika pale saa kumi na mbili ya asubuhi ilipomrudia.

"Nilikuuliza unaonaje," akasema taratibu.

"Uliniuliza, Matroni."

"Nikajijibu."

"Ukajijibu. Nami nilijua, nikanyamaza. Nimewaambia akina mama hivyo."

"Hukuwaambia ni mimi niliyepakia?"

"Hapana."

Lilikuwa neno lile lile lililomshinda miaka yote, na lilitoka jepesi. Matroni akavuta benchi na kukaa. Mabega yake yakaanza kutikisika, na haikujulikana mara moja kama analia au anacheka. Alikuwa akifanya vyote viwili.

"Leo mkufunzi ametuuliza," akasema, "'Ninyi mkiwa hapa, nani anaongoza kule?' Nikanyoosha mkono. Nikasema, mimi, funguo zote ninazo hapa. Nikazitikisa wasikie. Ukumbi mzima ukanipigia makofi."

"Ilikuwa saa ngapi hiyo?" karani akauliza.

"Saa nne na kitu."

Afande akakohoa. "Saa nne na kitu ndipo kufuli lilipokubali."

Mfagiaji ndiye aliyeanza kucheka, na Matroni hakumkemea. Alichukua rula na kalamu nyekundu mezani kwa karani, akafungua Daftari la Ruhusa, akapiga mstari katika safu ya nne kutoka juu hadi chini. Akafungua ukurasa uliofuata, akapiga mwingine. Kisha akakifungua kile kifundo cha bandeji kiunoni, akautafuta ufunguo wa chumba cha chanjo na kumkabidhi Dada Ndiyo mbele ya wote.

"Matroni," Afande akasema kwa heshima zote, "huo sasa haufungui chochote."

"Najua. Kesho litafungwa kufuli lenye funguo tatu. Huo akae nao uwe ukumbusho. Na wewe mkunga, njoo uchukue wa stoo. Nimechoka kusikia habari za balbu."

Asubuhi ya pili hawakungoja kliniki nyingine. Walikuwa wanakwenda kwenye zile nyumba kumi na moja, mlango wa kijani kwanza, karani mbele na karatasi yake. Matroni alisema ataandamana nao kubeba sanduku. Chupa za barafu zilikuwa mezani, zinatoa jasho. Honi ya gari ikalia nje. Matroni akainua chupa moja, akaitikisa, akamgeukia muuguzi wake.

"Unaonaje?"

Akanyamaza. Honi ikalia tena, na bado akangoja, mdomo ameubana kwa jitihada ambayo kila mtu aliiona.

Dada Ndiyo alizichukua chupa moja moja, akaziweka sikioni bila haraka. Ya mwisho akaishika kwa muda mrefu zaidi. "Hii bado, Matroni," akasema. "Tungoje kidogo."

Matroni akaipokea, akairudisha mezani, akavuta benchi na kukaa. Walingoja pamoja mpaka chupa ilipoongea, ndipo wakatoka, na tangu siku hiyo haikupita Alhamisi ambayo zahanati ile ilikosa mtu wa kuamua, awepo mkuu au asiwepo. Kwani mkono ulio karibu ndio unaopaswa kushika, na wakubwa wanaopenda watu wao huwaachia cha kushika mapema: fimbo ya mbali haiui nyoka.